Namna ya Kusanifu Barabara ya Zege Itakayofika Salama Siku ya Uzinduzi

Hongera, mhandisi. Umekabidhiwa barabara kuu ya malori, na mkubwa amesema safari hii hataki kusikia habari za lami, anataka zege. Usimlaumu. Lami ikikutana na jua la saa nane mchana na semitrela inayopanda mlima kwa gia ya kwanza, husogea pembeni ikaacha mifereji miwili, na mvua ikinyesha mifereji hiyo hugeuka mito. Zege halina tabia hiyo. Ndiyo maana njia za mabasi yaendayo haraka jijini Dar es Salaam, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, zilimwagwa zege, na Nairobi nao walipochoka kuziba mashimo ya Mbagathi Way waliijenga upya kwa zege.

Lakini sifa kubwa ya zege, kwa mtu wa nafasi yako, ni ukimya. Lami ikionewa husema mapema: inabonyea, inachubuka, inatoboka, na magazeti yanapiga picha. Zege huonewa miaka na miaka likiwa limenyooka, jeupe, la kupendeza kwenye kalenda ya wizara, kisha siku moja linapasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ukifuata mwongozo huu kwa uaminifu, siku hiyo itakukuta umeshahamishiwa mkoa mwingine.

Hatua ya kwanza ni kuandika jibu. Wasanifu wachanga huanza na hesabu, mwisho wa mwezi wakajikuta wameshika namba isiyopendwa na mtu. Wewe chukua fedha zilizopo, zigawanye kwa kilomita alizoahidi mheshimiwa jukwaani, na kitakachotoka ndicho unene wa jamvi la zege. Ikitoka milimita 225, basi barabara hii inahitaji milimita 225. Kazi iliyobaki ni kutafuta sayansi ya kuunga mkono hoja, nayo haikosekani.

Sehemu kubwa ya sayansi hiyo ilizaliwa mashambani karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani. Kati ya 1958 na 1960 wanajeshi waliendesha malori yenye mizigo iliyopimwa, wakizunguka mchana na usiku kwenye vitanzi vya barabara vilivyojengwa kwa kazi hiyo tu, mpaka ekseli zaidi ya milioni moja zikawa zimepita. Majamvi ya zege yalipishana unene, mengine yakiwa na milimita 64 tu, mengine yakikaribia 320. Wataalamu waliangalia lipi limekufa na lini, wakaandika mlinganyo. Mlinganyo huo, ukiwa umeongezewa viraka hapa na pale, ndio uliomo kwenye mwongozo wa AASHTO wa mwaka 1993, ambao pengine uko kwenye kompyuta yako sasa hivi, nakala ya kuazima.

Kwa msanifu mwenye akili hii ni hazina. Wale walipima udongo wa aina moja, katika nchi ambako ardhi huganda wakati wa baridi, kwa miaka miwili, kwa mapito milioni moja na ushei. Wewe utautumia mlinganyo huohuo kwa miaka 20, mapito milioni 50, juu ya udongo wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kompyuta haitakuuliza chochote. Itatoa unene hadi desimali ya pili, na desimali ya pili ina heshima yake kwenye kikao.

Kuna mambo mawili ya Illinois usiyataje. Maungio ya majamvi yale yaliwekewa vyuma vya kupitisha mzigo kutoka jamvi moja kwenda jingine. Na majamvi yaliyoharibika yalianza kwa maji kutapika udongo kutoka chini yake. Haya tutayarudia baadaye, kwa kuwa ndiyo mambo yanayokatwa kwa urahisi zaidi kwenye bajeti.

Hatua ya pili: hesabu malori, lakini usiyapime.

Hapa ndipo barabara inapouawa, kwa hiyo tukae kidogo. Mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi ya Tanzania mwaka 1999 unatumia ekseli ya kawaida ya tani 8.16. Kila ekseli nyingine inalinganishwa na hiyo: gawanya uzito wake kwa 8.16, kisha jibu ulipandishe kwa kipeo cha 4.5. Kipeo hicho ndicho adui yako mkubwa. Ekseli ya tani 10, ambayo Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inairuhusu ikiwa na tairi nne, tayari inaumiza kama ekseli mbili na nusu za kawaida. Ekseli ya tani 13 inaumiza kama nane. Ya tani 15 inapita kumi na tano. Angalia vizuri: kutoka tani 10 hadi 15 mwenye lori ameongeza nusu ya mzigo, na barabara imeongezewa maumivu mara sita. Nauli ya zile tani tano anaipokea yeye. Bili ya maumivu inakwenda Hazina.

Na gari lako dogo? Gari la tani moja lingepaswa kupita zaidi ya mara 140,000 ndipo lifikishe uharibifu wa ekseli moja ya tani 8.16. Kwa maana nyingine, wale wote wanaopanga foleni asubuhi wakilaumiwa kwa kuharibu barabara hawana kosa, isipokuwa la kulipa tozo ya mafuta.

Hapo bado tunasema kwa upole, maana mwongozo ule uliandikwa hasa kwa ajili ya lami. Zege lina hasira zaidi. Chama cha watengenezaji saruji cha Marekani kilikuwa na jedwali katika miaka ya 1960 ambalo vizazi vya wahandisi viliingia nalo kwenye mtihani. Linauliza swali moja: mkazo unaoletwa na ekseli ni sehemu gani ya nguvu ya zege kuhimili kupindwa? Kama ni nusu au chini ya hapo, jedwali linasema lori lipite litakavyo, hakuna kikomo. Ikiwa asilimia 60, zege litavumilia mapito 32,000. Ikiwa asilimia 70, mapito 2,000. Ikifika asilimia 80, mapito 120. Mia na ishirini, mhandisi. Kwenye barabara ya bandari hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na wapishi wa chai bado hawajakunja meza.

Unaona, basi, kwa nini hupaswi kujua uzito wa kweli. Kwenye zege, ekseli chache zilizojaza kupita kiasi ndizo zinazofanya karibu kazi yote ya kuua, na zile nyingi zinazotii sheria hupita bila kuacha alama. Dawa yake ni wastani. Chukua ekseli mia moja za kwenye karatasi: tisini zina tani nane kila moja, kumi zina tani 16. Wastani ni tani 8.8, namba ya kiungwana kabisa. Ukiutumia wastani huo kwa ekseli zote mia, unapata uharibifu wa ekseli za kawaida 140. Ukihesabu kila kundi peke yake, unapata 289. Wastani umekusamehe zaidi ya nusu ya deni kabla hujamaliza soda yako. Tena hapo tumetumia kipeo cha lami. Kwa jedwali la zege msamaha ungekuwa mkubwa zaidi.

Kama wafadhili watang'ang'ania upimaji wa ekseli, usikatae. Upange vizuri. Fanya siku moja, Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, mita mia tatu baada ya mizani ya serikali, na utangaze wiki mbili kabla. Madereva wana simu na wanapendana. Siku hiyo malori mazito yatakuwa yameegeshwa sheli, madereva wakila ugali na samaki kwa mama lishe, wakingoja jua lizame. Lori lenye ekseli ya kuinuliwa litaishusha likiiona mizani na kuipandisha likishaipa kisogo, kwa kuwa tairi ni ghali na barabara ni ya umma. Kwa wachache watakaopita, mtume kijana wa mafunzo kwa vitendo, aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Umebeba nini leo?"

"Mahindi."

"Tani ngapi?"

"Za kawaida tu, mwanangu. Baba yako hajambo?"

Kijana aandike "za kawaida". Hilo ni jibu la kitaalamu. Lina hata neno lililomo kwenye mwongozo wa wizara.

Usiku usiende. Usiku ndio malori yanapotembea, na usiku pia jamvi la zege lenyewe hubadilika umbo. Uso wa juu hupoa haraka kuliko tumbo lililogusa ardhi, ukasinyaa, na pembe za jamvi zikainuka kidogo kutoka kwenye udongo. Lori lililojaza linapokanyaga pembe hiyo, chini yake hakuna kitu cha kuibeba. Ukipima mchana, mzigo mzito haupo na jamvi limelala vizuri. Mchana kila mtu ana tabia njema.

Baada ya kuhesabu malori ya leo, inabidi useme yataongezeka kwa kasi gani. Hapa nitakufundisha ufundi ambao sijauona kwenye kitabu chochote, lakini nimeuona kwenye ripoti zaidi ya moja. Katika sura ya faida za kiuchumi, ile inayosomwa na mkopeshaji, malori yaongezeke kwa asilimia 10 kwa mwaka, kwa sababu nchi inakua, bandari inapanuliwa na majirani wasio na bahari wanatutegemea. Katika sura ya unene, yaongezeke kwa asilimia 3, kwa sababu uchumi wa dunia una changamoto. Kwa miaka 20, asilimia 10 huzaa mapito sawa na mapito ya mwaka wa kwanza mara 57. Asilimia 3 huzaa mara 27. Sura hizi mbili ziandikwe na watu wawili walioko ofisi tofauti, na ziwekwe mbali na kila mmoja kwenye kitabu, pakiwa na sura ya mazingira katikati. Hakuna anayevuka sura ya mazingira akiwa macho.

Hatua ya tatu, upimaji wa udongo, imeondolewa na kamati ya bajeti.

Hatua ya nne ni kuukwangua unene wenyewe, na hapa ndipo utakapojipatia jina la mtu anayejali fedha za umma. Tuseme kwa bahati mbaya hesabu zilitoa milimita 250. Simama kwenye kikao useme: tupunguze milimita 25 tu, upana wa vidole viwili visivyo vinene. Kwa barabara ya mita saba, hizo ni meta za ujazo 175 kwa kila kilomita, yaani magari 25 ya kuchanganyia zege yenye ujazo wa meta saba kila moja. Asilimia kumi ya zege lote. Watakupigia makofi.

Usiwaambie kwamba mkazo ndani ya jamvi haupandi kwa asilimia kumi. Unakwenda karibu na kinyume cha mraba wa unene, kwa hiyo kuondoa sehemu ya kumi ya unene kunapandisha mkazo kwa takriban sehemu ya tano. Ekseli iliyokuwa ikileta mkazo wa asilimia 50, ile isiyo na kikomo kwenye jedwali, sasa inaleta asilimia 60. Kutoka milele hadi mapito 32,000, kwa bei ya magari 25 ya zege kwa kilomita. Kinyume chake pia ni kweli, kwamba milimita 25 za kuongeza ndizo ununuzi wa bei nafuu kuliko wowote katika barabara nzima, lakini hilo halifai kuandikwa kwenye mwongozo wa aina hii.

Kuhusu nguvu ya zege, omba cheti cha vipande vya mchemraba vilivyogandamizwa maabara. Zege zuri la barabara hugandamizwa hadi megapaskali 40 bila kelele, na namba kubwa hupendeza. Barabara haifi kwa kugandamizwa, hufa kwa kupindwa, na katika kupindwa zege hilohilo lina megapaskali nne na nusu hivi. Kuipima hiyo kunahitaji mhimili mdogo wa sampuli wenye uzito wa karibu kilo 30, ubebwe kwa uangalifu usipate ufa njiani. Hakuna kibarua anayeupenda mhimili huo. Kuwa na huruma kwa wafanyakazi, peleka mchemraba.

Sasa tabaka za chini. Jamvi la zege juu ya ardhi ni kama mtu aliyelala kwenye ubao juu ya godoro: ubao ndio unaotawanya uzito, godoro linatakiwa tu lisiwe na shimo upande mmoja. Kwa hiyo kuufanya udongo uwe mgumu mara mbili hakukupunguzii unene ila kwa milimita chache. Ukisoma hapo ukaishia hapo, utahitimisha kwamba udongo si muhimu, na hitimisho hilo litakuokolea fedha nyingi. Usiendelee kusoma ukurasa unaofuata, unaosema kwamba kisichosameheka ni udongo usio sawa: mita kumi za mbuga nyeusi, mita kumi za changarawe, kisha kalavati lililofukiwa kifusi na kushindiliwa kwa miguu ya vibarua.

Wala usisome habari za maji. Maji huingia kwenye ungio, yakakaa chini ya jamvi. Lori likifika, jamvi linashuka kidogo na maji yanakimbia kwa nguvu yakibeba udongo laini, unaoonekana asubuhi umetapakaa pembeni ya ungio kama rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika. Wapita njia wanadhani ni vumbi la mvua. Kumbe ni msingi wa barabara unatoka nje, kijiko kwa kijiko. Pakibaki uwazi, jamvi linaning'inia, na kule pembeni, mahali ambapo Harald Westergaard alionyesha kwa hesabu mwaka 1926 kuwa jamvi huumia kuliko katikati, linavunjika. Unene wako wa milimita 225 au 250 hausaidii sana hapo. Hesabu zote zilidhani kuna kitu chini. Tiba yake inajulikana: tabaka la msingi lisilomumunyika, mifereji inayofanya kazi, na mtu wa kuziba maungio kila yanapofunguka. Mambo hayo matatu hayawezi kukatiwa utepe, kwa hiyo yasiwemo.

Vivyo hivyo vile vyuma vya kupitisha mzigo kwenye maungio. Kwa jamvi la milimita 250, huwekwa vyuma laini vya duara vyenye kipenyo cha milimita 32, urefu wa milimita 450, kila baada ya milimita 300, vimenyooka sambamba na barabara, vikiwa vimepakwa grisi ili jamvi liweze kusinyaa na kutanuka bila kung'ang'aniwa. Kazi yao ni kwamba tairi likiwa bado kwenye jamvi hili, jamvi la pili lishaanza kusaidia kubeba. Zege likishamwagwa havionekani. Sihitaji kusema zaidi. Kama dhamiri inakusumbua, ruhusu nondo za kawaida za ujenzi, zile zenye mistari, na usijali zikikaa mshazari. Zitashika zege kwa nguvu, ungio halitafunguka kamwe, na jamvi litajitafutia ungio lake lenyewe mahali linapopenda, mara nyingi katikati.

Hatua za eneo la kazi ni fupi, kwa kuwa mkandarasi anazijua kuliko wewe. Msingi usipigwe levo sana. Mahali ulipoinuka jamvi litakuwa jembamba, na uso wa juu utabaki umenyooka kama meza. Macho ya mgeni rasmi hayatoboi zege. Kama mkataba unadai sampuli za kutoboa ili kupima unene, msimamizi wa mkandarasi ndiye anayejua pa kutoboa. Ana kumbukumbu nzuri ya mahali ambapo mchanganyiko ulizidi.

Zege jipya linatakiwa kukatwa maungio kwa msumeno kila baada ya mita nne na nusu hivi, kina cha robo hadi theluthi ya unene, saa chache tu baada ya kumwagwa: mapema mno kingo zinamomonyoka, umechelewa mno zege limeshapasuka kwa ridhaa yake. Zege lililomwagwa saa nane mchana linataka msumeno kuanzia kama saa mbili usiku. Fundi wa msumeno anaondoka saa kumi na moja jioni na basi la kampuni. Hapo mgogoro unatatuliwa kwa utaratibu wa kawaida wa kazini, yaani kesho. Kumwagilia nako kunahitaji mtu na gunia na maji, siku saba mfululizo, kwenye jua na upepo. Weka mlinzi mmoja na ndoo, mwambie azingatie siku mkaguzi anapokuja.

Ukimaliza yote hayo, usisahau mizani, maana bado kuna hatari moja ya barabara yako kudumu: sheria kufuatwa. Gari zima lisizidi tani 56, ekseli isizidi kiwango chake, na faini ipande kadiri mzigo unavyozidi. Vikifanya kazi, hata jamvi lako la milimita 225 linaweza kuishi miaka ya kuaibisha, wakati jamvi nene la jirani yako linakufa kwenye barabara isiyo na mizani. Ndiyo maana unene na mizani visijadiliwe na kikao kimoja. Unene ni wa wahandisi, mizani ni ya utawala, na huyu akiulizwa kuhusu cha yule aseme hayuko kwenye nafasi nzuri ya kulizungumzia.

Hapo barabara iko tayari. Siku ya uzinduzi iogeshwe alfajiri, malori yazuiwe hadi msafara upite, na mgeni rasmi atembee mita mia moja kwa miguu akiisifia kwa kugonga kisigino.

Na kama wewe msomaji si mhandisi, umealikwa tu kupiga vigelegele, nenda. Lakini ukimkuta msanifu amesimama karibu na hema, mwulize mambo mawili: ekseli zilipimwa usiku wa siku gani, na sampuli za unene zilitobolewa mahali alipochagua nani. Usimwulize jamvi lina milimita ngapi. Hilo atakujibu kwa kichwa.